Dishi Moja, Masafa Mawili: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Nimechoka kushusha vichwa vilivyofungwa vibaya. Hapa Likasi, kutoka Panda hadi Shituru, juu ya mapaa ya parokia, zahanati, redio ndogo na nyumba za watu waliojinyima miezi mingi, kuna madishi ya mita 2.4 na mita 3 yaliyonunuliwa kwa dola nzuri ili yapokee masafa mawili kwa pamoja: bendi C, gigahezi 3.4 hadi 4.2, na bendi Ku, gigahezi 10.7 hadi 12.75. Mengi yanapokea bendi moja tu. Ya pili ilikufa siku ileile ya kufungwa, na fundi aliyelipwa hapokei simu.

Ninaposema kichwa, nina maana ya chombo kizima kinachokaa mbele ya dishi, pale mawimbi yote yanapokutana: mdomo, mrija, kichujio na kikuza-ishara. Dishi ni kioo. Kichwa ndicho jicho. Watu hununua kioo cha bei kubwa wakakitia jicho bovu, kisha wanalaumu setilaiti.

Haya ninayoyaandika yanahusu pia dishi la rada. Kanuni ni zilezile, ila adhabu ni kali zaidi. Rada ya hali ya hewa hutuma mpigo wa mamia ya kilowati kupitia mdomo uleule unaosubiri mwangwi dhaifu urudi. Kosa ambalo kwenye televisheni linakupa picha inayokatikakatika, kwenye rada linaunguza kipokezi.

Shika jambo moja kabla hujaendelea, maana mengine yote yametoka humo. Bendi ya chini husamehe, bendi ya juu haisamehe. Wimbi la gigahezi 4 lina urefu wa sentimita 7.5. Wimbi la gigahezi 12 lina sentimita 2.5. Milimita uliyokosea inauma mara tatu zaidi kwenye bendi ya juu. Kwa hiyo kila kipimo, kila skrubu, kila uso, ufuate ile kali.

DISHI LENYEWE

Fanya

Pima dishi kwa uzi kabla hujagusa kichwa. Funga uzi mmoja kutoka ukingo hadi ukingo ukipita katikati. Funga wa pili uukate wa kwanza kama msalaba. Inama, tazama pale zinapopishana. Zikigusana bila mmoja kuusukuma mwingine, ukingo uko sawa. Zikiachana nusu sentimita, dishi limepinda. Sasa zungusha: uzi uliokuwa juu upite chini, upime tena, kwa sababu upande mmoja unaweza kukudanganya. Kazi hii inachukua dakika kumi. Dishi la vipande lililotoka Lubumbashi kwa lori, kilomita 120 likiwa chini ya magunia ya saruji, halifiki likiwa na umbo lilelile. Ukilifunga bila kulipima, umefunga matumaini.

Jua unachopoteza. Mhandisi wa Marekani, John Ruze, alitupa hesabu ya hasara inayotokana na mabonde na vilima vya uso wa dishi, na makala yake ya 1966 bado inatumika. Uso wenye kasoro ya wastani ya milimita 1.5 unakunyang'anya kama asilimia 6 ya nguvu kwenye gigahezi 4. Kwenye gigahezi 12 unakunyang'anya zaidi ya asilimia 40. Kasoro ikifika milimita 3, bendi C inapoteza kama asilimia 22 na utaendelea kuona picha. Bendi Ku inapoteza karibu asilimia 90. Ndiyo maana mteja anakuambia, "Fundi, dishi ni zima, mbona C inashika?" Inashika kwa sababu C inasamehe.

Pima kina, utafute fokasi, pale mawimbi yanapokutana, kwa hesabu. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawa kwa kina mara 16. Dishi la sentimita 240 lenye kina cha sentimita 37.5 lina fokasi kwenye sentimita 96. Gawa 96 kwa 240, unapata 0.4. Andika namba hiyo nyuma ya dishi kwa rangi isiyofutika, kwa sababu fundi atakayekuja baada yako ataihitaji. Namba hiyo ndiyo inayosema kichwa kitazame kwa upana gani. Kwa 0.4, ukiwa kwenye fokasi, ukingo hadi ukingo unaonekana kwa digrii 128.

Usifanye

Usinyooshe dishi kwa nyundo. Unaondoa kibonyeo kimoja kikubwa unazaa ishirini vidogo, na Ku inaviona vyote.

Usitumie dishi la wavu kwa Ku bila kupima matundu. Tundu likizidi sehemu moja ya kumi ya urefu wa wimbi, wimbi linaanza kupenya nyuma. Kwa C kikomo ni milimita 7.5. Kwa Ku ni milimita 2.5. Wavu mwingi nilioukuta mjini ulitengenezwa kwa C peke yake.

Usipake rangi inayong'aa. Hili nimelisema hadi sauti imekauka. Hapa kwetu, kusini mwa ikweta kwa digrii 11, jua hupita nyuma ya setilaiti karibu na tarehe 25 Machi na tena tarehe 17 au 18 Septemba. Kwa dakika kadhaa dishi linalitazama jua uso kwa uso. Rangi isiyong'aa hutawanya mwanga. Rangi ya mafuta inayometameta huukusanya wote kwenye kichwa. Niliitwa Septemba moja kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba alilipaka dishi rangi ya geti ili lipendeze. Kofia ya plastiki ya kichwa ilikuwa imelainika na kuinamia ndani ya mdomo kama mshumaa, na juu ya mrija kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sarafu. Alikuwa amenunua kichwa hicho Juni.

KICHWA CHA MASAFA MAWILI

Fanya

Weka bendi zote mbili kwenye mhimili mmoja. Mrija mwembamba wa Ku ukae katikati, mrija mnene wa C uuzunguke. Kila mrija wa mviringo una mlango wake: chini ya masafa fulani wimbi haliingii kabisa. Gawa 175.7 kwa kipenyo cha ndani kwa milimita, jibu ni gigahezi. Mrija wa milimita 18 unafunga chini ya gigahezi 9.8. Ku inapita, C inabaki nje hata ukiibembeleza. Mrija wa milimita 60 unafunga chini ya 2.9, C inapita bila shida. Umepata vyumba viwili, kimoja ndani ya kingine, na kila bendi ina mlango wake. Ndiyo siri yote ya kichwa hiki.

Ukishaweka mrija wa ndani, chukua C kutoka pande zinazotazamana, mbili kwa mkao wa kusimama na mbili kwa mkao wa kulala. Ukichukua upande mmoja tu, nguzo hiyo ya katikati inaliyumbisha wimbi, na mwali wa C unaelekea pembeni wakati mwali wa Ku umenyooka. Kisha utahangaika siku tatu ukidhani dishi limesogea.

Kila bendi ipe mdomo wake. Mdomo mmoja wenye upana uleule hutazama kwa upana kwenye masafa ya chini na kwa wembamba kwenye masafa ya juu. C itajaza dishi lote, Ku itatumia duara dogo la katikati, na utakuwa umelipia mita 2.4 ukatumia nusu yake. Lenga nguvu inayofika ukingoni iwe pungufu ya ile ya katikati kwa desibeli 10 hadi 12, katika bendi zote mbili. Ikizidi hapo, kichwa kinachungulia nje ya ukingo na kusikia joto la ardhi na paa. Ikipungua, kingo hazifanyi kazi. Pete zinazozunguka mdomo wa C ndizo zinazorekebisha hili. Zisogeze mbele na nyuma huku ukisoma kipimo. Hazikuwekwa kwa urembo.

Hakikisha bendi zote mbili zinakutana kwenye nukta ileile. Kwenye dishi la 0.4, ukikosea sentimita 2 mbele au nyuma, wimbi la Ku linalotoka ukingoni linafika likiwa karibu nusu wimbi mbali na lile la katikati, na yanafutana. Kosa hilohilo kwenye C ni sehemu ndogo tu ya wimbi, na hutaliona kwenye skrini. Vichwa vingi vya dukani vyenye maandishi ya C na Ku kwa pamoja vimepangwa kwa C, na Ku imewekwa pale ilipopata nafasi. Legeza, sogeza milimita moja moja ukisoma Ku, kaza Ku inapofika juu, ndipo urudi kwenye pete kurekebisha C.

Amua mapema unataka miali ya namna gani. Wako waliofanya kazi hii kwa kiwango cha juu. Chuo kikuu cha Colorado State, Marekani, kina rada ya hali ya hewa iitwayo CSU-CHILL, yenye dishi la mita 8.5 na kichwa kimoja kinachotumika kwa masafa mawili, karibu gigahezi 2.7 na 9.4. Kioo ni kimoja, lakini miali haifanani: wa chini una upana wa digrii 1, wa juu digrii 0.3. Wanalijua hilo na wanalizingatia katika kila kipimo cha mvua. Setilaiti ya GPM iliyorushwa 2014 ilichukua njia nyingine. Rada yake ina gigahezi 13.6 na 35.5, na waliipa kila moja antena yake ili zote mbili ziguse eneo lenye upana uleule wa kama kilomita 5. Njia zote mbili ni halali. Kinachokosewa ni kukata chuma kabla ya kuchagua, kisha kushangaa kwamba wingu linaonekana dogo kwa bendi moja na kubwa kwa nyingine.

Weka kichujio kwenye C. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2015, Geneva, uliitenga gigahezi 3.4 hadi 3.6 kwa simu za mkononi, Afrika ikiwamo. Setilaiti inanong'ona kutoka kilomita karibu 36,000. Mnara wa simu unapiga kelele kutoka mita 300. Bila kichujio mbele ya kikuza-ishara, mnara utakishibisha hadi kisisikie kingine.

Ukituma, chuja mara mbili. Kituo kinachotuma kwenye gigahezi 6 na kupokea kwenye 4 kinahitaji kichujio cha kuzuia sauti yake yenyewe, kila fundi wa kituo anajua. Wanachosahau ni hiki: kikuza-nguvu cha gigahezi 6 hutoa pia kivuli chake mara mbili juu, gigahezi 12, na hapo ni katikati kabisa ya Ku unayotaka kupokea kwa kichwa hichohicho. Nilikaa wiki nzima kwenye dishi la kampuni moja ya uchimbaji nikitafuta kwa nini Ku inakufa kila wanapotuma ripoti ya jioni. Kivuli kilikuwa hicho.

Usifanye

Usifunge vichwa viwili ubavu kwa ubavu ukamwambia mteja amepata masafa mawili. Kwenye fokasi ya sentimita 96, kichwa kilichosogea sentimita 6 pembeni kinatazama anga kwa tofauti ya kama digrii 3. Mwali wa C kwenye dishi la mita 2.4 una upana wa kama digrii 2.2, wa Ku kama 0.7. Umeelekeza macho mawili sehemu mbili za mbingu. Kwa setilaiti mbili jirani, sawa. Kwa setilaiti moja, au kwa rada inayopaswa kuona tone lilelile la mvua kwa masafa mawili, ni kumwibia mtu.

Usipitishe bendi zote mbili kwenye mrija mmoja mnene. Ku ndani ya mrija wa milimita 60 inasafiri kwa namna nyingi kwa wakati mmoja, kila namna kwa mwendo wake, na inapotoka mdomoni haina umbo.

Usiache kibamba cha tefloni ndani ya mrija bila kuuliza. C nyingi za Afrika zilitumwa kwa wimbi linalozunguka, na kibamba hicho cheupe kilichokaa kwa digrii 45 ndicho kinacholigeuza liwe la kusimama au kulala. Ukikiacha wakati setilaiti inatuma wimbi lisilozunguka, umetupa nusu ya nguvu. Ukikitoa wakati inatuma linalozunguka, umetupa nusu vilevile. Kibamba cha senti chache kinakula nusu ya dishi la mita 3. Tazama ndani kwa tochi, soma orodha ya setilaiti, kisha uamue.

Usiamini maandishi ya kisanduku. Pima.

KUFUNGA NA KUELEKEZA

Fanya

Elekeza kwa Ku, kagua kwa C. Mwali wa Ku ni mwembamba. Ukiupata, C umeipata pia. Ukianza na C utasimama popote ndani ya digrii 2 ukidhani umefika, na Ku itakuwa nje. Mafundi wengi huanza na C kwa sababu inapatikana upesi. Ni uvivu, na mteja ndiye anayeulipia mvua ya kwanza inaponyesha.

Anza na hesabu, sio kwa kupapasa. Ukiwa Likasi, setilaiti ya digrii 36 mashariki iko digrii 73 juu ya upeo, na unaitazama digrii 41 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Kichwa cha wimbi lisilozunguka kinahitaji kuzungushwa kama digrii 40. Nimekuta vichwa vilivyonyooka wima kabisa kama vilivyo kwenye picha ya kisanduku. Picha hiyo haikupigwa Katanga.

Toboa tundu la maji. Dishi linalotazama digrii 73 juu limelala karibu chali. Lile la 0.4 lina ukingo ulioinuka kwa digrii 32, kwa hiyo hata ukingo wake wa chini bado umeinuka digrii 15 na maji hayatoki. Katika mvua za Januari linageuka beseni. Maji, majani ya mwembe na tope jekundu vinakaa kati ya kitovu na ukingo wa chini, na Ku ndiyo inayoumia zaidi. Tundu la milimita 8 kwenye sehemu ya chini kabisa linatosha, na haliidhuru bendi yoyote.

Ziba mdomo kwa utando mwembamba wa tefloni au politheni, ukazwe kama ngozi ya ngoma, uangalie chini kidogo ili maji yateleze. Tone lililolala kwenye mdomo wa Ku linameza ishara kuliko wingu zima. Na usipoziba, nyigu wanaingia. Nilifungua kichwa kimoja cha redio ya dini kilichonyamaza tangu Pasaka. Ndani ya mrija wa Ku, ambao kidole changu kidogo kinajaza, nyigu alikuwa amejenga vyumba vinne vya udongo, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na buibui aliyekauka ndani. C ilikuwa inafanya kazi vizuri. Walikuwa wamenunua dekoda mbili mpya.

Usifanye

Usisome ule mstari wa nguvu kwenye dekoda ukaridhika. Nguvu huongezeka hata kwa kelele. Soma uwiano wa ishara na kelele, katika bendi zote mbili, uandike tarehe na hali ya hewa.

Usishikilie kichwa kwa waya na kipande cha ubao. Kichwa cha masafa mawili kina uzito. Tumia miguu mitatu au minne ya chuma iliyokazwa, na upime upya kutoka ukingo hadi mdomoni kwa kila mguu. Urefu usipolingana, kichwa kimeinama.

Usitumie silikoni yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni tindikali, na inakula shaba na fedha iliyopakwa ndani ya mrija. Katika mji ulioishi kwa kuyeyusha shaba hakuna asiyejua tindikali inavyofanya kazi, na bado naikuta silikoni hiyo kila mwezi.

RADI, UMEME NA NGUVU YA KUTUMA

Hapa sitaeleza sana. Fuata.

Fanya

Unganisha dishi na ardhi kabla ya kuunganisha kebo. Tumia ukanda wa chuma kilichopakwa zinki, uliofukiwa na kukazwa kwa boliti zisizofunguka kwa mkono. Waya wa shaba ni bora kwa hesabu, lakini Likasi shaba iliyo wazi inaibwa usiku, na dishi lililoibiwa waya wake wa ardhini halitoi dalili yoyote hadi siku ya radi.

Zima kikuza-nguvu kwa mkono wako, toa fyuzi, itie mfukoni mwako, ndipo upande. Sio mfukoni mwa mlinzi. Umeme ukirudi ghafla wakati uko juu, mlinzi atakimbilia kuwasha kila kitu ili kukusaidia.

Kwenye rada, kagua kinga ya kipokezi kabla ya kila uwashaji, kwa kila bendi peke yake. Bendi moja ikituma, nyingine iwe imefungwa au imechujwa.

Usifanye

Usipande paa kati ya Novemba na Aprili ukiona wingu jeusi linajenga, hata kama jua bado linawaka ulipo. Radi hupiga mbali na mvua yake. Kijana niliyemfundisha mwenyewe alitaka kukaza boliti mbili za mwisho kabla ya mvua. Aliishi. Mguu wake wa kushoto haukupona, na mkono wake hauwezi tena kushika bisibisi. Boliti hizo zingesubiri hadi kesho yake.

Usitazame ndani ya mdomo wa kichwa kinachotuma. Lenzi ya jicho haina damu ya kuondoa joto. Inaiva taratibu, haiumi, na haisafiki tena. Wateja wakikuambia "ni wati chache tu," shuka.

Usitumie kinga iliyoungua huku ukisubiri nyingine. Kipokezi kinaungua kwa mpigo mmoja, na mpigo wa rada ni mfupi kuliko sekunde uliyoigawa mara laki moja.

KABLA YA KULITUPA

Madishi makubwa yanauzwa kwa kilo siku hizi. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita na mizani yao, na wenye nyumba wanakubali kwa sababu fundi amewaambia dishi limekufa. Mara nyingi kilichokufa ni kichwa. Kituo cha Longonot, Kenya, kilichofunguliwa 1970, kilitumia kichwa kinachotuma kwenye gigahezi 6 na kupokea kwenye 4 kwa kioo kimoja miaka mingi kabla ya sisi kuanza kubishana juu ya vichwa vya dukani. Ghana walikuwa na dishi la mita 32 la mawasiliano huko Kuntunse, karibu na Accra, lililopitwa na kebo za baharini. Hawakulikata. Wakishirikiana na Afrika Kusini walilitengeneza, wakalifungia vipokezi vipya vya gigahezi 5 na 6.7, na 2017 likazinduliwa kama darubini ya redio inayosikiliza nyota.

Kwa hiyo nawaomba, mafundi wenzangu wa Likasi, Kambove na Kolwezi, na ninyi wenye mapaa: kabla dishi la mita 3 halijapandishwa kwenye mizani, livutieni nyuzi mbili, mpime kina, mtoboe tundu la maji, mtazame ndani ya mrija kwa tochi. Nyuzi zikigusana katikati, dishi hilo bado ni zima. Badilisheni kichwa.